Mkono wa Kushoto

Ngoma tuliikuta stoo, hapa Igombe,
imejazwa dagaa wa mwaka juzi,
ngozi imetafunwa na panya pembeni.
Ndani ya ile ndogo kuku alikuwa ameatamia.
Tulimngoja siku kumi na mbili.
Huwezi kumfukuza mama kwa ajili ya mdundo.

Majembe ndiyo yalitutesa.
Yale ya kuchezea, mepesi, yenye mpini wa mkwaju,
baba aliyauza kwa kilo, chuma chakavu,
mwaka ule pamba ilipolipwa kwa ahadi.
Gwisu wa kuchomelea akatukatia mengine kwa bati la pipa.
Yanalia kama sufuria.
Tukasema, yalie tu.

Basi tukawa na kila kitu, kasoro bugobogobo yenyewe.

Mimi nilijua mwanzo: kuinama, kutifua,
udongo usiokuwepo unaruka begani.
Lusana alijua mwisho; aliuona harusini Magu
akiwa mgongoni kwa dada yake.
Katikati palikuwa na shimo.
Kila jioni, juu ya jabali la kuanikia dagaa,
tulifika ukingoni pake tukasimama,
tunatazamana, jasho linatutoka bure.

Bibi Wande alijua.
Bibi Wande, aliyekuwa akirusha jembe likalipita paa
akalidaka huku anamcheka mtu mwingine,
sasa yuko chumba cha uani. Kiharusi kimemgawa:
kulia bado kwake, kushoto kwa mwenyewe hajulikani,
na ulimi mzito, kama umebeba kokoto.

Siku ya mvua tukahamia uani kwake.
Nilimpelekea uji, nikaacha mlango wazi.
Gwisu akapiga, vibaya, kama anayefukuza ngedere shambani,
na mkono wa kulia wa bibi ukatoka shukani.
Nilidhani anataka kikombe.
Ukagonga ubao wa kitanda: siyo, siyo, hivi.
Ukakamata mpini nisiouona,
ukazungusha, ukaachia,
ukangoja.
Ukangoja tena, hata Gwisu akapoteza hesabu.
Ndipo ukadaka.

Kumbe shimo letu lilikuwa kungoja tu.

Tuliwaita watoto, kumi na mmoja,
magamba ya samaki bado visiginoni.
Wiki tatu waliusoma mkono ule
kama ubao wa darasani.
Na kwa kuwa wa kushoto ulilala juu ya shuka,
kiganja wazi, vidole vimekunjika kidogo
kama vinakinga tone la mvua,
nao wakalaza wa kwao.
Niliona. Nikafungua mdomo.
Bibi naye aliona; akacheka kwa nusu ya uso
mpaka uji ukampalia.
Sikusema kitu.

Siku ya mashindano, Kisesa, vumbi mpaka kwenye meno,
wenzetu wa Magu walikuja na sare na chatu wawili.
Sisi tulikuja na ngoma inayonuka ziwa.
Majembe yakapaa.
Yakangojewa.
Umati ukanyamaza, nadhani kwa kudhani tumesahau.
Yakadakwa kwa mkono mmoja mmoja,
mikono kumi na mmoja ya kushoto imelala tumboni.

Mwamuzi akauliza, kalamu hewani:
Huo mkono uliolala ni wa Bagika au wa Bagalu?
Mimi sijapata kuuona.
Malimi, miaka tisa, hajamaliza hata kuhema:
Ni wa Bibi Wande.
Akaandika. Sijui aliandika nini.
Tulikuwa wa nne kati ya vikundi vitano.

Usiku nikaingia na jembe la bati, bado lina joto la watoto.
Mwangaluka, mayu, nikamwambia, ingawa si asubuhi.
Nikaliweka kwenye kiganja chake cha kushoto.
Halikudakwa.
Halikuanguka pia.