Pima Maji

Ruwan alifungua sanduku lake mezani
taratibu, kama mchuuzi wa lulu,
akatupangia vipande kumi na vinne vya mawe,
kila kimoja sawa na kipande cha mkate,
kila kimoja na jina la kujidai:
Ukungu wa Alfajiri. Maziwa ya Mwezi. Usiku wa Dhoruba.
Alasdair akauliza kama lipo liitwalo Jiwe.

Tunaishi Oamaru, mji wa mawe ya chokaa.
Benki ni jiwe, kanisa ni jiwe,
hata ghala la nafaka lina nguzo kama ikulu,
na sisi hapa tunanunua jiwe kwa milimita:
kumi na mbili tu, bamba jembamba
la kulazwa juu ya fomaika ya kahawia
tuliyoibandika mwaka wa themanini na tisa.
Hakuna kubomoa, alisema Ruwan. Hakuna vumbi.
Kaunta yenu haifi; inavishwa.

Vipande vilibaki kwetu siku tatu.
Mchagua nazi hupata koroma,
basi mimi nikachagua kwa kumwaga.
Maji ya bitiruti juu ya Maziwa ya Mwezi,
limau juu ya Ukungu, manjano juu ya kila kitu,
kisha nikazima taa nikaenda kulala kama mwuaji.

Asubuhi Maziwa yalikuwa yameona haya, mashavu mekundu.
Ukungu umeliwa na limau,
pamebaki duara lililofifia
kama jicho la samaki wa juzi.
Usiku wa Dhoruba haukudhurika,
ila kila tone la maji lilikauka juu yake likaacha ushahidi,
na mimi si mtu wa kupika mbele ya shahidi.

Alasdair alilitaka hilo jeusi.
Alilitaka kimya kimya,
kama alivyolitaka lile gari la buluu,
akilipapasa kila apitapo na kikombe chake.
Tukanuniana hadi Alhamisi.
Tukachukua la kijivu, la mwisho sandukuni,
lenye madoa madogo kama yai la shakwa.

Kisha akaja Semisi na mwanawe.
Wakavua viatu mlangoni.
Akalaza pima maji juu ya kaunta kuukuu,
na kile kiputo cha kijani kikakimbilia pembeni
kama mtoto aliyeitwa na bibi yake.
Semisi alikitazama. Alasdair alitazama dirishani.
"Nani aliitengeneza hii?"

Ni mume wangu, kwa mikono yake, wikendi mbili za mvua,
mimba ya Morag ikiwa miezi minane,
mimi nikimshikia tochi na kumwambia imenyooka.
Haikuwa imenyooka. Nilijua siku ile ile,
nilipoweka yai, nikageuka kuchukua bakuli,
nikalisikia likienda zake sinkini.
Miaka thelathini na tano sijasema.
Niliweka chupa ya chumvi pale pa kulizuia,
na binti zangu walijifunza kabla ya kujua kusoma:
kwanza chumvi, kisha yai, ndipo ugeuke.

Semisi akachonga kabari za mbao, nyembamba kama kucha,
akasukuma, akapima, akasukuma,
hadi kiputo kikatulia kati ya mistari yake.
Gundi. Bamba. Watu wanne, pumzi moja.
Kovu la sufuria ya jemu na michoro ya visu
vikaingia gizani bila kuaga.

Sasa jiwe limelala. Lina baridi, ni zuri,
limeipandisha kaunta kwa upana wa kidole
na kiwiko changu bado hakijaambiwa.
Alasdair amelipangusa mara tatu.
Kweli, akasema, lile jeusi lingeonyesha maji.

Nikatoa yai, nikaliweka, nikageuka.
Halikwenda popote.
Lakini mkono wangu ulikuwa umekwishafika sinkini,
kiganja wazi, ukingoja.

Alasdair akauona.
"Tangu lini?" akauliza.