Makaa ya Julai

Barua mia mbili na kumi na nne,
zote za mkono mmoja, zote kwa mlango mmoja:
Daktari Murdo Pettigrew, mng'oa meno,
Barabara ya Perth, Dundee.
Nimeajiriwa miezi sita kuziorodhesha.
Navaa glavu, nafungua ya kwanza,
na nanusa karafuu.

Karafuu kweli. Mafuta ya kutuliza jino
yalimganda vidoleni, yakahamia karatasini,
na miaka themanini haikuyafukuza.
Ghorofa ya tatu ya maktaba, theluji dirishani,
mimi nimefumba macho, nakumbuka pilau ya Idi.

Mwandishi ni Lachlan Orme. Hapa hakuna asiyemjua.
Sura yake imechapwa kwenye mikebe ya biskuti,
sanamu yake karibu na stesheni ina njiwa wake,
na watoto hukaririshwa ukurasa wake wa kwanza
kama sisi tulivyokaririshwa jedwali la saba.

Ila sandukuni hana sanamu.
Sandukuni ana kikohozi,
ana mwenye nyumba anayegonga alfajiri,
ana viatu vilivyoachama midomo.
"Murdo wangu," huanza, kisha ukungu wa London,
kisha mhariri asiyejua nukta na mkato,
kisha mzaha, mzaha mzuri, hata mimi nacheka,
kisha sahihi yenye mkia mrefu.
Na chini ya mkia, herufi zimekuwa ndogo
kama mtu anayepita sebuleni kwa kunyata:
"Tanbihi: kama una pauni nne."

Sasa nazisoma kuanzia chini.
Tanbihi: pauni sita, na kama lipo, koti.
Tanbihi: kumi, ya mwisho, naapa.
Tanbihi: Isobel asijue.
Kukopa harusi, kulipa matanga, tunasema kwetu;
Orme alicheza harusi miaka ishirini na saba.

Majibu ya Murdo hayapo.
Orme hakutunza karatasi za watu, aliwashia kiko.
Daktari namsikia kwa mwangwi tu:
"Umenikataza kushukuru, basi sishukuru."
"Una haki, yule mjane hawezi kufa sura ya tisa."
Hakufa. Nimekitafuta kitabu, nimehakikisha,
mjane anafika hadi mwisho, anapika supu.
Kitabu chenyewe kimetabarukiwa
kwa bibi mmoja wa kasri
aliyemnywesha Orme chai mara mbili.

Barua ya mwisho ni ya hospitali, mistari mitano.
Sahihi haina mkia.
Tanbihi ipo, na nukta zake mbili,
na baada yake karatasi nyeupe.

Nilidhani nimemaliza.
Chini ya sanduku kulikuwa na daftari la matumizi ya nyumbani,
jalada la kijani, kona zimeliwa.
Nyama. Sabuni. Mshahara wa msaidizi.
Makaa, pauni nne.
Makaa, pauni sita.
Nikalinganisha tarehe na barua, moja baada ya moja,
makaa, makaa, hadi nikafika Julai:
makaa, pauni kumi.
Nikacheka peke yangu. Daktari wa watu,
hata kudanganya hukujua.
Nani huchoma makaa ya pauni kumi mwezi Julai?

Kisha nikaliinamisha daftari kwenye taa.
Pembeni ya Julai, kwa penseli, mwandiko mwingine,
mwembamba, wa mtu aliyezoea kuandika majina kwenye chupa za jamu:
"Ongeza mbili. Kikohozi hakijamwacha. I."

Nilikaa. Theluji ilikuwa imekoma, sikuona ilipokoma.

Bi Ruthven, mkuu wangu, amesema
hesabu za jikoni si fasihi,
daftari lipelekwe chini, kwenye rafu za familia.
Nimelirudisha sandukuni.
Kadi ya orodha ina mistari mitatu.
Mwandishi: Orme, L.
Mpokeaji: Pettigrew, M., nikaongeza, na I.
Mada: makaa.

Jumatatu atakuja na kalamu nyekundu.
Leo Ijumaa.