Faini ya Dola Moja

Lackawanna, mwaka wa themanini na sita.
Kiwanda cha chuma kimefungwa, baba anashinda jikoni
akisoma matangazo ya kazi kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia,
na mimi, miaka kumi na tisa, chunusi tele,
nakodisha mikanda ya video kwenye barabara ya Ridge.

Kila Ijumaa, saa kumi na mbili na robo,
huingia Bernadine Pruszynski, karani wa bima,
theluji mabegani, na mabega yenyewe ya sponji,
maana miaka ile hata huzuni ilivaa mabega.

Huchukua mkanda uleule.
Kuna mingine, namwambia. Kuna daktari wa meno
aliyekwama kwenye lifti na mpiga tarumbeta.
Kuna yule mwenye wachumba watatu na paka mmoja.
Hutikisa kichwa. "Nipe wangu."

Wake ni huu: mwanamke wa miaka thelathini na tatu,
New York, mshahara wa mpiga chapa,
lakini nyumba ina madirisha manne na mmea unaostawi.
Ana shoga mcheshi ambaye kazi yake duniani
ni kupokea simu. Waya wa simu mrefu kuliko mtaa wetu.
Mvua humnyeshea ikampendeza.
Mama yake hupiga kila Jumapili: "Vipi, bado?"
kana kwamba mume ni maharage, yameinjikwa tangu asubuhi.
Mwishoni mwanamume anakimbia. Lazima akimbie.
Teksi zipo, zimejaa tele,
ila mapenzi ya wakati ule hayakusadikika
mpaka mtu atwete.

Jumatatu Bernadine huuleta mkanda,
haujarudishwa mwanzo. Faini dola moja.
Huiweka kaunta kabla sijafungua kinywa,
sarafu nne za robo, moja juu ya nyingine.

Ilinichukua vipupwe viwili
kufikiria kuutia kwenye mashine nione alipokomea.
Palepale, kila mara: dakika kumi na moja kabla ya mwisho.
Mwanamke amesimama mbele ya friji iliyo wazi,
usiku, koti bado mwilini,
anakula tambi baridi kwenye boksi. Hakuna muziki.
Tambi moja inamponyoka, inatua kwenye kiatu,
naye anacheka.
Peke yake. Hamchekei mtu.
Kisha kengele ya mlango,
na hapo ndipo Bernadine huzima.

Nikamuuliza. Nilikuwa mdogo, nilidhani kila swali ni salamu.
Akavua glavu moja, taratibu, kidole baada ya kidole.
"Mpaka hapo namjua," akasema.
"Baada ya hapo wao wanampa mtu,
na mimi wananinyang'anya mtu."

Najua unachosubiri, msomaji. Hata mimi nilikisubiri:
wagongane mlangoni, mikanda imwagike, waokote pamoja.
Na Bwana Trzaska wa duka la viatu,
mgane, meno yake yote mazuri,
aliingia kweli Ijumaa moja, akamshikia mlango.
"Asante," akasema Bernadine, akawahi basi.
Bwana Trzaska akakodi filamu ya vita.

Duka lilipofungwa niliondoka na ule mkanda,
na mashine moja ya kuuchezea, nayo sasa hukohoa.
Filamu yote bado safi, madirisha manne, mmea, mvua.
Ila pale kwenye friji, aliporudia na kurudia
mpaka utepe ukalika,
inaanguka michirizi myeupe, mizito,
theluji yetu ndani ya jiko la New York.
Uso umefunikwa. Tambi huzioni.
Kicheko tu ndicho kimebaki, kizima.

Mke wangu hupita na kapu la nguo,
husimama mlangoni, huuliza nani anacheka.
Namwambia, mteja.