Nzi wa Kanga

Umeme ukikatika Maweni, wengine hulaani.
Mimi hufungua droo ya chini ya cherehani,
nikatoa ndoana, namba kumi na nne,
nyembamba kama ukope wa paka.
Nainua mguu wa cherehani, naulaza mkunjo wa ndoana chini yake,
naushusha. Imeshikika.
Sindano nimekwisha ing'oa, isije ikadhani ni kazi.

Mkia ni unyoya wa kanga, yule ndege,
madoa meupe juu ya kijivu;
Mama Dzendere huniletea kutoka Ganda
akija kuzibiwa mifuko ya sare za wajukuu.
Kiwiliwili ni uzi wa kanga, ile nguo,
niliochomoa kwenye pindo lililochakaa.
Perege hajui kanga ipi ni ipi.
Wala mimi, saa nyingine, kibatari kikiyumba.
Shingoni nyoya la jogoo, mizunguko mitatu;
wa nne humnenepesha, akazama.
Fundo. Fundo. Tone la rangi ya kucha.
Basi, nzi.

Wahenga walimwona afiaye kidondani, wakasema si hasara.
Huyu wangu hafii popote.
Akitafunwa sana, namfumua, namfunga upya.

Sasa niseme la rohoni.
Ile rangi ya chungwa ninayomvika kichwani,
waipendayo perege wa Jilore,
haiuzwi dukani. Nimeitafuta hadi Mambrui.
Ipo kwenye gauni moja tu, nyuma ya mlango wangu,
mwaka wa sita huu: la Nyevu wa Tsuma,
arubuni mia mbili, "nitalifuata Ijumaa."
Hakusema Ijumaa ipi.
Nilianza na upindo. Uzi mmoja, nani ataona?
Kisha mkono wa kushoto.
Leo gauni lina bega moja na aibu yangu.

Jumapili bodaboda hunishusha ziwani
na mwanzi wangu na mshipi
(mshipi wa kiuno nashona kwa shilingi themanini,
huu mwingine sijaupigia hesabu).
Sabaki imeingia, maji rangi ya chai ya maziwa.
Viboko wako ng'ambo, wanapiga miayo.
Kando ya matete perege wamechimba viota,
duara na duara, kama niliyewapimia kwa chaki ni mimi.
Namtupa nzi. Namwacha alale.
Namgutusha kidogo,
kama mtu avutaye uzi ulionasa.

Wiki jana aliuma mmoja, upana wa kiganja.
Nikambana nimtoe ndoana, akafungua kinywa,
wakamwagika watoto.
Wadogo kama vichwa vya pini, macho matupu,
wengine mkononi mwangu, wengine majanini.
Hakuwa na njaa huyu. Alikuwa amefunga,
kinywa amekifanya chumba cha kulala.
Alimuuma nzi kwa kuwa nzi alipita mlangoni.
Nilipiga magoti nikawarudisha kwa kofia,
sijui wangapi walibaki kwenye nyasi.
Yeye alizunguka, akazunguka,
kisha akaufungua tena ule mlango.
Waliokuwepo wakaingia.
Nilikunja mshipi kabla jua halijakaza,
nikarudi na kikapu kitupu
na kofia inayonuka tope.

Jumatatu akaja Nyevu. Na risiti.
Imekunjwa mara nne, tarehe inasomeka.
Amenawiri; hata lingekuwa zima
gauni lile lingemgomea kiunoni.
Mimi nilikuwa napinda suruali ya mwalimu,
pini kumi na mbili zimejaa kinywani,
siwezi salamu, siwezi uongo.
Akalitazama gauni.
Akaitazama droo, niliyosahau kuifunga,
kopo la peremende, nzi arobaini wamepangwa safu safu,
kila mmoja kichwa cha rangi ya chungwa.
Akaokota mmoja kwa ncha za vidole,
akampeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi," akasema, "mbona nimekuwa wadudu?"

Nikaanza kuzitoa pini,
moja,
moja,
nikizipanga juu ya meza.

Akavuta kiti.