Karatasi ya Njano

Klova hii haina haki ya kuwa Nyegezi.
Mbegu zake zilikuja ndani ya bahasha kutoka Njombe,
mwalimu Lubango akazimwaga nyuma ya maabara,
akahamishwa, akasahau.
Jua la Februari likachoma zote
isipokuwa zile zilizokunywa kwenye bomba bovu,
tone, tone, tone,
kivulini mwa jabali.

Naitambua kwa majani matatu matatu,
kila jani na alama nyeupe
kama kwato iliyokanyaga chokaa.
Inatambaa. Pingili ikigusa udongo inatia mzizi,
na huko nyuma shina la zamani linaoza
bila kuombewa.
Nikiing'oa, mizizi ina vinundu;
nikipasua kimoja kwa ukucha, ndani ni pinki kama ufizi:
humo bakteria wamepanga,
na kodi wanalipa kwa naitrojeni.

"Madamu Minza, hii inaliwa?"
Kidato cha nne wamejaa mlangoni.
Konokono wameshajibu, nawaambia, tazameni:
mche huu wameutafuna mpaka kikonyo,
ule wa pembeni wameuonja, wakauacha.

Vichupa kumi na viwili, mche mmoja kila kichupa.
Saga jani. Dondoshea tolueni.
Ning'iniza karatasi ya njano, isiguse.
Ziba.
Feri ya Kamanga inapiga honi, hakuna anayegeuka.
Hadi kipindi cha mwisho karatasi tano
zimekuwa rangi ya tofali.
Saba ni njano vilevile.

Ni sumu ya muhogo.
Si ndugu yake, si mfano wake: ni ileile.
Na sisi watoto wa udaga tunaijua,
tuliokwenda shule na harufu yake kwenye sare,
mama zetu wakiuanika juu ya mawe
baada ya kuuvundika siku tatu.

Lakini jani zima halina sumu.
Lina chumba chenye sukari iliyofungwa,
na ukutani, ufunguo.
Hawajuani.
Mpaka konokono aume, ukuta ubomoke,
ndoa ifungwe mdomoni mwake.

Jeni moja hutengeneza sukari, jingine ufunguo;
ukikosa mojawapo, wewe ni mtamu, unaliwa.
Nachora ubaoni: huyu ana sukari tupu, kwa baba na kwa mama,
yule ana ufunguo mtupu, kwa baba na kwa mama.
Wote watamu. Nyuki akawaozesha.
Watoto je?

Kimya. Kisha Sayi, wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake:
"Wachungu. Wote."

Chaki ilinikatikia hapo.

Kwetu Misungwi nilikuwa mtoto wa kushangaza wageni.
Baba akitukanwa alicheka.
Mama akinyang'anywa mpaka wa shamba alihamisha jembe.
Na mimi, miaka tisa,
nilimfuata baba mdogo hadi sokoni
nikidai robo eka yetu kwa sauti
mpaka wauza dagaa wakasimamisha mizani.
"Huyu kamrithi nani?"
Wakahesabu mababu, wakafika kwa bibi mmoja wa Ukerewe
aliyewahi kumng'ata karani wa kodi,
wakaridhika.

Sikuridhika mimi.
Nadhani baba alikuwa na ghadhabu, tele, imefungwa,
na mama alikuwa na ufunguo
usio na mlango wa kufungua.
(Mtu si klova. Msiandike hivyo kwenye mtihani.)

Kengele imelia. Sayi amebaki.
Anaomba karatasi moja, ile iliyogeuka.
Namfungia ndani ya plastiki, namwonya asiilambe,
anaiweka kwenye daftari kama picha ya mtu wa kwao.

Mkuu wa shule amepiga simu:
fundi bomba atakuja Jumatatu,
kweli kuna mahali panavuja huko nyuma?
Hapana, nimemwambia.
Pakavu kabisa.