Pembe ya Murru

Bi Antioca aliileta imefungwa kwenye gazeti,
pembe moja, imejikunja kama sikio la mdukuzi mlangoni.
"Ya Murru," akasema. "Yule aliyemvunja Bachisio ubavu."
Akaiweka juu ya fuawe. Hakuketi.
Nje, ukungu wa Pattada ulifika hadi vizingitini.

Pembe haitaki pupa.
Niliianika darini miezi minane,
Bachisio akazikwa, mlozi ukachanua, pembe ingali inakauka.
Kisha moto, si mwingi,
na ile harufu: nywele, kwato, zizi la Januari.
Nikaibana kwenye jiliwa usiku kucha.
Asubuhi nilipolegeza, ikarudi nyuma upana wa kidole.
Dume lenyewe lilikwisha kuliwa Pasaka;
ukaidi ndio uliobaki.
Nikaibana tena.

Ubapa ulitoka kwenye springi ya lori la maziwa.
Moto, nyundo. Moto, nyundo.
Ukazama mwekundu ndani ya mafuta, ukalia,
ukarudi motoni polepole hadi rangi ya majani makavu,
na hapo unauondoa, hata kama mtu anakuita jina lako.

Msasa wa kukwaruza, msasa laini, jivu na ngozi.
Vanishi sipaki: vanishi ni glavu.
Nta ya nyuki tu, na kiganja changu,
mpaka ndani ya pembe ukatokea mwanga
wa asali iliyoingiwa na tone la maziwa.
Kinachosalia atakimalizia mwenyewe,
kwa jasho lake na mafuta ya jibini.

Alikuja Jumamosi. Akakikunjua, akakikunja: tak.
Akakikunjua tena.
Kidole gumba chake kikapata kile kibonyeo
nilichoshindwa kukinyoosha, kikatulia humo.
"Miaka arobaini na moja," akasema,
"mpini alishika yeye."
Sikuuliza nani alishika makali.
Viganja vyake vilikuwa mbele yangu.

Nilitaka kumpa bure.
Akakataa: kisu cha bure hukata ujirani.
Akatoa senti hamsini kwenye aproni,
akaisukuma mezani kwa ncha ya kisu.

Mlangoni akageuka.
"Pembe ya kushoto ninayo bado.
Ile sitaki inyooshwe."