Mia Toa Saba

Jumanne na Ijumaa, ukungu wa Newala ukishaachia paa,
Nesi Esha Mchopa huja na sinia lake.
Hupanga juu yake ufunguo, kijiko, kibiriti,
kitana, na korosho moja yenye ganda.
"Tazama, mzee. Tazama vizuri."
Kisha hufunika.
"Chini ya kitambaa kuna nini?"
"Sinia," husema baba,
na hakuna wa kumbishia.

Mwezi wa kwanza alikumbuka vitu viwili.
Wa pili, vitatu; siku ya upepo, kimoja.
Nesi aliniambia mapema, tumesimama mlangoni:
"Kilichokwenda haturudishi.
Tunakichelewesha kinachoondoka."

Jioni zamu ni yangu.
Majina ya wanawe, kuanzia mkubwa.
Akinifikia mimi ananiita Somoe,
dada yake tuliyemzika Kitangari.
Zamani nilisahihisha. Siku hizi naitika.

Huyu alikuwa karani wa mizani,
miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la ushirika,
kalamu sikioni, vumbi la korosho kwenye nyusi.
Wakulima walimwita Jiwe,
kwa kuwa jiwe la mzani halina ndugu.

Ijumaa ile Nesi akaanza hesabu.
"Mzee Mfaume, mia toa saba?"
"Tisini na tatu."
"Toa saba tena."
"Themanini na sita." Upesi, kama anayetia saini.
"Tena."
"Sabini na tisa."
"Tena."

Akanyamaza.
Kidole chake kikawa kinasukuma kitu hewani, taratibu,
kile kipande cha chuma kinachoteleza
kwenye mkono wa mzani.
"Sitoi."
"Jaribu, mzee wangu."
"Sitoi tena. Nilishatoa.
Biti Mkwanda wa Mnyambe, gunia la themanini na moja.
Niliandika sabini na nne.
Mtoto mgongoni, kusoma hajui.
Akaniambia, ahsante mwanangu."

Kalamu ya Nesi ikasimama.
Daftari lake halina safu ya jambo kama hilo.

Nikampigia Shaibu, yuko Masasi.
"Ni ugonjwa huo," akasema, "kichwa kinaziba matundu
kwa chochote kinachookota."
Nesi akasema huenda.
Huenda pia ni kweli, akasema,
ya zamani ndiyo huchelewa kuondoka.
Mama angejua, na mama hayupo.
Vitabu vya ghala vililiwa na mchwa.
Usiku nililala chali nikihesabu bati za nyumba hii,
kila bati nikiliuliza limetoka kwenye gunia la nani.

Jumapili nikapima kilo saba za korosho ghafi
dukani kwa Nalinga.
Nikaongeza konzi mbili, sijui kwa nini.
Bodaboda mpaka Mnyambe.
Mjukuu wa Biti Mkwanda anaziba pancha barabarani;
alinisikiliza huku ameshika tairi ndani ya beseni,
akitafuta pale panapotoa mapovu.
"Bibi hakuwahi kulisema," akasema.
"Lakini bibi hakusema mengi."
Akapangusa mikono, akapokea mfuko,
akaupima kwa kuunyanyua tu.
"Hizi zinazidi saba."

Nikarudi. "Baba, nimepeleka."
"Umepeleka nini?"
"Zile saba."
Akanitazama
kama anavyokitazama kitambaa.

Jumanne, sinia.
"Ufunguo," akasema. "Kijiko." Akafumba macho.
"Korosho. Na kitana cha Somoe."
Vinne! Nesi akapiga makofi, hata mimi nikapiga.
"Haya, mzee. Mia toa saba?"
Baba akacheka, meno yake matatu yote nje.
"Mia," akasema.
"Iacheni ikae mia."

Nesi akaweka alama ya kosa.